Kumpita mlinzi ni nusu ya safari: namna ya kumpima kijana wa chuo anayeelekea NBA

Kwa kawaida, ufikapo mwezi wa Juni, vilabu vya NBA kule Marekani huchagua wachezaji wapya, na simu za vijana wetu hapa Pwani hujaa vipande vya video. Kijana wa chuo anamtoka mlinzi, anaruka, anaudidimiza mpira ringini, na barazani hukumu inapita papo hapo: huyu atawika. Miaka mitatu baadaye jina lake halisikiki tena.

Mimi ni mpenzi wa mpira wa kikapu wa miaka mingi, na naona tunapima kitu kisicho chenyewe. Kupenya, yaani kuuchukua mpira kutoka nje na kuingia nao hadi chini ya ringi, ni safari yenye nusu mbili. Video hutuonyesha nusu ya kwanza, kumpita mtu. Mshahara wa NBA uko katika nusu ya pili.

Tuanze na uwanja wenyewe. Katika NBA, tangu msimu wa 2001-02, mlinzi asiyekuwa na mtu wa kumkaba haruhusiwi kusimama ndani ya boksi la chini ya kikapu zaidi ya sekunde tatu. Vyuoni sheria hiyo haipo. Mtu mrefu anaweza kujisimamia pale kama bawabu, mchana kutwa. Tena mstari wa pointi tatu vyuoni uko mita 6.75, ilhali NBA ni mita 7.24 isipokuwa pembeni. Kwa hivyo chuoni walinzi wamebanana, na kupenya ni kama kupita vichochoro vya Mji wa Kale. NBA njia ni pana, lakini anayekungoja mwisho wa njia ni mrefu zaidi, mwepesi zaidi, na analipwa kwa kazi hiyo.

Jirani yetu Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam ni mfano wa upande wa pili wa sheria hiyo. Akiwa Chuo Kikuu cha Connecticut, na urefu wake wa sentimita 221, alizuia zaidi ya mitupo minne kwa mechi katika msimu wake wa mwisho. Mwaka 2009 alichaguliwa wa pili. Aliyemfuata, wa tatu, alikuwa James Harden wa Arizona State. Thabeet hakudumu, na Harden akawa mchezaji bora wa ligi mwaka 2018. Harden hakuwa mwenye mbio kuliko wenzake. Silaha yake ilikuwa breki: anakwenda kasi, anasita, mlinzi anapoteza mguu, naye anapita au anafanyiwa madhambi.

Kwa hivyo jambo la kwanza la kutazama ni breki, si mbio. Jalen Brunson alitoka Villanova na mataji mawili ya vyuo, lakini vilabu vilimwacha hadi nafasi ya 33 mwaka 2018. Si mrefu wala si mrukaji. Lakini anasimama ghafla, anageuka, anamweka mlinzi mgongoni, na leo ndiye nguzo ya New York Knicks. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mwenye mbio tupu akikutana na mwenye mbio kama zake, hana jengine.

La pili ni mitupo huru. Huu ndio mtihani ninaouamini zaidi, kwa sababu hauna mlinzi wala bahati. Ben Simmons alichaguliwa wa kwanza mwaka 2016 kutoka LSU. Alipenya apendavyo, lakini chuoni mitupo yake huru iliingia kama asilimia 67, na ya pointi tatu alijaribu mara tatu tu msimu mzima. Katika mechi za mtoano za 2021 alipata mitupo huru 25 kati ya 73. Wapinzani walimfanyia madhambi makusudi, naye akaanza kuogopa kukaribia ringi. Sasa mlinganishe na Shai Gilgeous-Alexander wa Kentucky, aliyechaguliwa wa 11 mwaka 2018. Chuoni mitupo yake huru ilizidi asilimia 80. Kwa misimu kadhaa hakuna aliyepenya mara nyingi kama yeye katika NBA, na mwaka 2025 alibeba ubingwa pamoja na tuzo ya mchezaji bora wa ligi.

La tatu ni macho. Mlinzi wa pili akija kusaidia, kijana anamwona mwenzake aliyebaki peke yake? Ja Morant alicheza Murray State, chuo kisicho na jina kubwa, na wengi wangesema aliwaonea wanyonge. Lakini alitoa wastani wa pasi 10 za kufungisha kwa mechi, na alipokutana na Marquette katika mashindano ya taifa mwaka 2019 alipata pointi 17, pasi 16 na mipira 11 ya kudaka. Ndiyo sababu nasema tazama mechi dhidi ya timu kubwa, mechi nzima, si vipande.

Haya si ya Marekani peke yake. Kijana wa Mombasa au Malindi anayeota udhamini wa masomo kwa mpira huu hujirekodi akiruka, kisha akangoja simu. Nampa ushauri bila malipo: baada ya mazoezi, ukiwa umechoka hoi, tupa mitupo huru 50 na uandike daftarini ngapi zimeingia. Fanya hivyo kila siku. Daftari hilo litakuambia ukweli ambao marafiki zako barazani hawatakuambia.