Oaxaca, Meksiko: Tukale Pale Wamama Wanapopika

Mahindi tunayosonga bukari hayakuzaliwa Afrika. Asili yake ni Meksiko, na meli za Wazungu ndizo ziliyaleta kwetu katika miaka ya 1500. Karibu na mji wa Oaxaca, kusini mwa Meksiko, kuna pango linaloitwa Guilá Naquitz. Humo wachimbaji wa mambo ya kale walipata magunzi ya mahindi yenye zaidi ya miaka 6,000. Juma hili tutembelee mji huo. Watu wa nchi nyingi huenda huko kwa sababu moja tu: kula. Tuone wanakula wapi, nani anapika, na sisi tunaweza kujifunza nini.

Asubuhi: soko

Mgeni anayefika Oaxaca hahitaji kutafuta restora kubwa. Aende kwenye masoko mawili yanayotazamana katikati ya mji, karibu na uwanja mkuu: soko Benito Juárez na soko 20 de Noviembre.

Katika soko Benito Juárez wamama wanauza panzi waliokaangwa kwa chumvi, kitunguu saumu na ndimu. Wageni wa Ulaya wanashangaa, lakini sisi tunaokula senene na viwavi hatuwezi kushangaa. Wanauza pia fromaji nyeupe inayovutwa kama uzi na kuviringwa kama mpira. Jina lake ni quesillo. Kuna tena kinywaji cha tejate, kinachotengenezwa kwa mahindi, kakao, mbegu za tunda la mamey na ua fulani lenye harufu nzuri. Mama anakisonga kwa mkono ndani ya beseni mpaka povu zito linapanda juu. Kijiji cha San Andrés Huayapam ndicho chenye sifa kwa tejate, na kazi hiyo ni ya wanawake.

Katika soko 20 de Noviembre kuna kijia chenye moshi mwingi. Unachagua nyama mwenyewe: ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba na kutiwa chumvi, au ya nguruwe iliyopakwa pilipili. Wanaichoma mbele yako juu ya makala. Vitunguu, saladi na tortilla (ile chapati nyembamba ya mahindi) unanunua kwa wauzaji wengine, na kila mmoja unamlipa yeye mwenyewe. Kwa hiyo meza moja inalisha nyumba nyingi.

Ukitoka nje, barabara ya Mina inanukia shokola. Kuna vinu ambapo mama analeta kakao, sukari, mdalasini na lozi kwa vipimo vyake, kisha anasagiwa. Shokola hiyo wanaikoroga katika maji au maziwa ya moto na kuinywa pamoja na mkate wa mayai.

Mchana: mchuzi wa mole

Watu wa Oaxaca wanahesabu mole saba. Mole ni mchuzi mzito, na mashuhuri kuliko yote ni ule mweusi. Unapikwa kwa pilipili kavu za namna mbalimbali, ufuta, karanga, viungo vingi na shokola kidogo. Pilipili zinachomwa mpaka karibu ziungue, kiisha zinasagwa. Ni kazi ya siku nzima au zaidi, kwa hiyo unapikwa hasa kwa arusi, kwa mazishi na kwa sikukuu ya wafu mwezi wa Novemba.

Anayetaka kuona unavyosagwa kwa jiwe aende Teotitlán del Valle, kijiji cha Wazapoteki wafuma mazulia, kilomita 30 hivi kutoka mjini. Huko Abigail Mendoza na dada zake walifungua restora yao, Tlamanalli. Wanapiga magoti mbele ya jiwe la kusagia kama mama zao walivyofanya. Siku ya Jumapili mtu anaweza kupita pia katika soko kubwa la Tlacolula, akale nyama ya mbuzi iliyopikwa ndani ya shimo.

Mjini kwenyewe kuna Levadura de Olla, restora ya mpishi kijana Thalía Barrios García. Yeye alitoka kijijini milimani, na anapika vyakula vya kwao. Mwaka 2024, wakati kitabu cha Michelin kilipopima restora za Meksiko kwa mara ya kwanza, restora yake ilipewa nyota moja.

Jioni: tlayuda

Usiku unapoingia, majiko ya makala yanawashwa kando ya barabara. Tlayuda ni tortilla kubwa kama sinia, kavu kidogo, inayopakwa mafuta ya nguruwe na maharagi yaliyopondwa. Juu yake wanaweka quesillo, kabichi na kipande cha nyama. Tlayuda moja inaweza kuwashibisha watu wawili.

Feza inaingia mkono wa nani?

Mwaka 2010 UNESCO iliandika mapishi ya asili ya Meksiko katika orodha ya urithi wa watu wote. Watalii wameongezeka Oaxaca, lakini kodi ya nyumba nayo imepanda. Mwaka 2024 wakaaji waliandamana barabarani wakilalamika kwamba wanasukumwa nje ya mji wao. Mama anayepika tlayuda anaweza kusifiwa duniani kote, huku yeye mwenyewe akishindwa kulipa nyumba. Ndiyo maana ninasema: mwenye kusafiri akale sokoni na kando ya barabara, ambapo feza inaingia moja kwa moja katika mkono wa aliyepika.

Somo la chokaa

Kabla ya kusaga mahindi, wamama wa Meksiko wanayachemsha katika maji yenye chokaa ya chakula, wanayaacha usiku kucha, kisha wanayaosha. Mahindi yana vitamini inayoitwa niasini, lakini imefungwa, na mwili hauipati vizuri. Chokaa inaifungua. Wamama hao walijua kazi hiyo karne nyingi kabla ya wenye sayansi kujua sababu yake.

Mahindi yalipovuka bahari, elimu hiyo haikuvuka nayo. Watu waliokula mahindi karibu peke yake walishikwa na pelagra: ngozi inababuka, tumbo linaharisha, akili inavurugika. Jirani zetu wa Kuito, Angola, waliiona mwaka 1999 na 2000 wakati wa vita, na waliougua wengi walikuwa wanawake.

Tafadhali, mtu asichukue chokaa ya kupaka ukuta akaitia sufuriani. Hiyo si ya chakula. Kinga yetu ni sahani yenye mchanganyiko: bukari pamoja na maharagi, karanga, samaki na mboga. Mtoto asishibishwe bukari na chumvi tu kila siku.

Sisi pia tuna elimu ya namna hiyo. Mihogo michungu ina sumu, na bibi zetu walituagiza tuiloweke siku kadhaa kabla ya kuianika. Huko Kwango, wakati watu walipofupisha kuloweka ili wauze haraka, ugonjwa wa konzo uliwapoozesha miguu watoto na wamama. Binti asiyejua sababu ya kuloweka ataona ni kupoteza wakati.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika chama chetu, ni nani anayejua vizuri kutayarisha mihogo michungu, na amemfundisha nani?
2. Watoto wetu wanakula nini pamoja na bukari mwisho wa mwezi, wakati feza imekwisha? Karanga au maharagi kiasi gani tunaweza kununua pamoja?
3. Tukiuza chakula sokoni, faida inabaki kwetu au inaishia kwa mwenye kibanda?

Kila kikundi kiandike majibu na kuyaleta kwa mwandishi wa chama. Tutayasoma pamoja katika mkutano.