Saini moja, kalamu zaidi ya 70

Katika majumba ya makumbusho ya Marekani kuna kalamu zinazotunzwa ndani ya vioo. Ukiziangalia, ni kalamu za kuandikia tu. Lakini ndizo Rais Lyndon Johnson alitumia kusaini Sheria ya Haki za Raia, tarehe 2 Julai 1964, kule White House, Washington.

Siku ile alitumia kalamu zaidi ya 70 kwa saini moja. Namna gani? Anachukua moja, anaandika kipande kidogo, anaiweka, anachukua ingine. Kisha anazigawa. Ni desturi ya marais wa kule: kalamu ni zawadi kwa wale waliotumika ili sheria ipite. Mchungaji Martin Luther King alipewa moja. Seneta Hubert Humphrey wa chama cha rais alipata, na Everett Dirksen wa upinzani vilevile, kwani bila kura za pande mbili sheria ingekwama.

Na haikuwa rahisi. Rais John Kennedy aliomba sheria hiyo mwezi wa 6 mwaka 1963, akauawa mwezi wa 11. Katika Seneti, maseneta wa majimbo ya kusini walishika neno juma kwa juma ili kura isipigwe. Tarehe 10 Juni 1964, maseneta 71 kwa 29 walikubali kukata mjadala.

Sheria ilisema nini? Oteli, mahali pa kula na sinema haviwezi tena kumfukuza mtu juu ya rangi yake. Mwenye kazi hawezi kumkataa mtu juu ya rangi, dini, jinsia ao asili yake. Na waziri wa sheria akapewa nguvu ya kushtaki wanaovunja.

Nguvu hiyo ilihitajika upesi. Saa chache tu kisha saini, mwenye oteli moja ya Atlanta alienda kortini kuipinga. Mahakama Kuu ilimkatalia mwezi wa 12. Tena, weusi wengi wa kusini walikuwa wangali wanazuiwa kujiandikisha kupiga kura. Ilibidi watu waandamane na kupigwa kule Selma, mpaka sheria ingine ikasainiwa tarehe 6 Agosti 1965.

Basi tukisikia kwamba sheria mpya imesainiwa, tusiulize tu nani ameshika kalamu. Tuulize pia: nani ataisimamia, na anayeonewa atashtaki wapi?