Daftari la Fundi Cherehani na Hesabu ya Kodi

Mwezi Oktoba, minada ya korosho ya vyama vikuu vya ushirika vya MAMCU na TANECU inapoanza, pesa huingia Masasi na Newala kwa mkupuo. Mkulima hulipwa kupitia AMCOS, chama chake cha msingi cha ushirika, makato yakiwa yameshatolewa kabla hela haijamfikia. Lakini hela ile haikai kwake muda mrefu. Inakwenda kwa fundi cherehani wa Lukuledi, kwa mpiga picha wa Ndanda, kwa fundi wa kuezeka bati wa Kitangari, kwa kijana wa Masasi mjini anayetengeneza kadi za michango na mabango. Hao wamejiajiri. Hawana chama cha kuwakatia, kodi yao lazima waiendee wenyewe, na wengi wao huiendea wakiwa wamechelewa na hawana karatasi hata moja mkononi.

Tuanze na kinachowachanganya watu. Leseni ya biashara hutolewa na halmashauri. Kodi ya mapato hukusanywa na Mamlaka ya Mapato, TRA, na mlango wake ni TIN, namba ya mlipakodi, ambayo hutolewa bure. Ukiwa na leseni hujamalizana na TRA, na ukiwa na TIN hujamalizana na halmashauri. Wapo pia wanaokumbuka vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vya Desemba 2018, vilivyolipiwa shilingi 20,000. Vile viliwalenga wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka, na hadi leo hesabu tunaianzia kwenye mpaka huohuo wa milioni 4.

Milioni 4 kwa mwaka ni kama shilingi 11,000 kwa siku. Angalia vizuri: ni mauzo, siyo faida. Ukishona sare ya shilingi 20,000 na kitambaa kikakugharimu 12,000, kinachohesabiwa ni ile 20,000. Mfanyabiashara mdogo asiyezidi mauzo ya milioni 100 hutozwa kwa mauzo, na chini ya milioni 4 hadaiwi kodi hii.

Juu ya hapo ndipo daftari linapoingia. Kwa viwango vya Sheria ya Fedha ya 2022, mwenye mauzo kati ya milioni 4 na 7 asiyetunza kumbukumbu hulipa 100,000 kwa mwaka. Anayetunza hulipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4 tu. Fundi wetu akiuza milioni 5, asilimia 3 ya ile milioni moja ya juu ni 30,000. Mwenzake wa kibanda cha pili, mwenye mauzo yaleyale lakini hana maandishi, anatoa 100,000. Kati ya milioni 7 na 11 asiye na kumbukumbu hulipa 250,000, na mwenye nazo hulipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Kwa mauzo ya milioni 8 hiyo ni 120,000. Tofauti ni 130,000, na kilichoileta ni daftari la dukani na dakika tano kila jioni. Inaniuma kuona mtu aliyeamka alfajiri mwaka mzima akiiacha pesa hiyo kwa sababu ya kalamu. Ukivuka milioni 11, kodi inakuwa asilimia 3.5 ya mauzo.

Daftari lenyewe halihitaji utaalamu. Tarehe, kazi, mteja alicholipa, wewe ulichotumia. Risiti za vitambaa, wino na nauli zibandike au zitie kwenye bahasha ya mwezi. Taarifa ya miamala ya simu yako ichapishe, maana malipo mengi siku hizi hupita huko. Sheria inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5.

Daftari hilohilo lina kazi nyingine ambayo watu wachache wanaijua. Kodi ya mauzo haijali kama umepata hasara, lakini sheria inakuruhusu kuukataa utaratibu huo na kuchagua kutozwa kwa faida, mradi hesabu zako zimekamilika. Fundi mwenye mauzo ya milioni 10 aliyetumia milioni 7 kwa vitambaa, pango na msaidizi amebaki na milioni 3. Kwa mauzo angedaiwa 180,000. Kwa faida hadaiwi, kwa sababu mtu binafsi mkazi haanzi kutozwa mpaka mapato yake ya mwaka yapite shilingi 3,240,000. Baada ya hapo kiwango huanzia asilimia 8 na kupanda hadi 30.

Kuna kundi ambalo halina nafasi ya kuchagua. Anayeuza utaalamu, kama mshauri, mkufunzi wa semina au mtaalamu wa ufundi, hawekwi kwenye kodi ya mauzo hata akipata kidogo. Yeye hutozwa kwa faida tangu shilingi ya kwanza inayovuka ule mpaka wa 3,240,000. Ufilipino walifanya vingine: tangu 2018 mtu aliyejiajiri, mtaalamu akiwemo, anaweza kuchagua asilimia 8 ya mapato ghafi yanayozidi peso 250,000, mradi hajafika kiwango cha kusajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani (VAT). Ni utaratibu mwepesi, na naona vijana wetu wa kompyuta wangeufurahia. Kwa sasa kijana wa Newala anayemfanyia kazi mteja wa ng'ambo ajue kwamba mkazi wa Tanzania hutozwa kwa mapato yake ya popote duniani.

Mtaalamu huyo akifanya kazi ya shirika kwa milioni moja, mara nyingi atapokea 950,000. Ile 50,000 ni kodi ya zuio ya asilimia 5, na si hasara. Imepelekwa TRA kwa jina lake na itapunguzwa kwenye deni lake la mwaka, ila lazima adai hati ya zuio kwa aliyemlipa. Bila hati, atailipa mara ya pili.

Kodi hulipwa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kalenda hiyo haijui korosho. Machi na Juni ni miezi ambayo cherehani nyingi huku zimefunikwa kitambaa, na pesa za msimu zimeshaingia kwenye mabati na ada za shule. Kwa hiyo hela ya Machi iwekwe kando Desemba, siku ileile mteja analipa. Nasema hivyo kwa sababu riba ya ucheleweshaji huongezeka kila mwezi.

Ukikadiriwa kiasi usichokubaliana nacho, una siku 30 za kuweka pingamizi kwa maandishi, ukilipa kwanza kiasi usichobishania au theluthi moja ya deni, kilicho kikubwa kati ya hivyo. Na makadirio uliyoyatoa mwanzoni mwa mwaka hayajafungwa kwa msumari. Bei ikianguka mnadani na wateja wakapungua, nenda na daftari lako ofisini ukayarekebishe kabla awamu ya Desemba haijafika.