Bushehr: Mji wa Bandari na Nyimbo Zilizovuka Bahari



Kila siku tunalitamka neno bandari bila kulifikiria: bandari ya Mombasa, bandari ya Lamu, kazi ya bandarini. Neno hili asili yake ni Uajemi, kama ilivyo nahodha, dirisha na darubini. Lakini kwa Waajemi wenyewe bandari lina maana moja zaidi, nayo ni jina la muziki. Mtu wa Tehran akisema kwamba harusini kulipigwa "bandari", ana maana ya midundo ya haraka ya watu wa kusini, wakaao pwani ya Ghuba, midundo ambayo huwainua vitini wazee pamoja na wajukuu wao. Juma hili tunawaalika mfuatane nasi hadi mji mmojawapo uliomlea mwana huyo, mji wa Bushehr.

Bushehr umekaa juu ya rasi nyembamba iliyozungukwa na maji. Karibu nao palikuwa na mji wa kale sana ulioitwa Liyan, wa zama za Waelamu. Mwaka 1734 Nader, ambaye baadaye alitawazwa kuwa shaha, alipachagua hapo pawe kituo cha merikebu zake za vita. Mwaka 1763 Kampuni ya Kiingereza ya Mashariki ya India ikafungua kituo chake cha biashara, na kwa miaka mingi Bushehr ukawa mlango wa bahari wa mji wa Shiraz. Shehena zilizoshushwa pwani zilipandishwa milimani kwa misafara ya nyumbu na ngamia. Nyumba zake za kale zina roshani za mbao na madirisha ya kupitisha upepo wa bahari. Mtu wa Mji wa Kale wa Mombasa akifika huko, hatajiona mgeni sana.

Walioujenga mji huo hawakuwa wa kabila moja. Walikuwako Waajemi na Waarabu, na walikuwako pia Waafrika. Baadhi ya Waafrika hao walifika wakiwa mabaharia, lakini wengi walifika bila ya hiari yao. Walichukuliwa kutoka nchi zetu hizi, wakapitishwa Zanzibar na Oman, wakauzwa katika bandari za Ghuba. Mwaka 1848 Muhammad Shah alitoa amri ya kukataza Waafrika wasiingizwe utumwani kwa njia ya bahari, lakini biashara hiyo haikukoma siku hiyo. Sheria iliyoufuta utumwa nchini humo haikuja mpaka mwaka 1929. Kwa hiyo tunapousikiliza muziki wa Bushehr, tunasikia pia sauti za watu waliopotea kwetu.

Ala inayojulikana zaidi huko ni neyanban. Ni zumari mbili zilizofungwa pamoja na kutiwa katika kiriba cha ngozi ya mbuzi. Mpigaji hukijaza kiriba pumzi, kisha hukibana kwa mkono, na sauti ikatoka bila kukatika. Hiyo ndiyo ala ya harusi na furaha. Siku za maombolezo ya Muharram hunyamaza, zikasikika ngoma kubwa za pande mbili ziitwazo dammam, matoazi, na baragumu la pembe. Wanaume hujipanga duara ndani ya duara, kila mmoja mkono mmoja umemshika mwenziwe kiunoni, na mkono wa pili unapiga kifua. Hayo ni mapokeo ya Mashia wa huko, nasi tunayasimulia kama yalivyo. Wala hatuingii hapa katika mjadala wa wanazuoni juu ya ala za muziki. Walionao ujuzi huo wapo, nao ndio wa kuulizwa.

Mwimbaji wa maombolezo aliyevuma kuliko wote alikuwa Jahanbakhsh Kordizadeh, ambaye watu walimwita Bakhshu. Alikuwa mtu wa Bushehr mwenye asili ya Kiafrika, na sauti yake imehifadhiwa katika filamu ya Nasser Taghvai iitwayo Arbaeen, ya mwaka 1970. Baada yake akatokea Saeid Shanbehzadeh, naye ana asili ya Kiafrika, aliyeipeleka neyanban katika majukwaa ya Ulaya. Mohsen Sharifian naye ameunda kikundi kiitwacho Lian, kwa kulikumbuka jina lile la kale.

Baada ya mapinduzi ya mwaka 1979, muziki wa starehe uliondolewa redioni na majukwaani nchini Iran, na wanawake wakazuiwa kuimba peke yao mbele ya wanaume. Bandari haikufa. Waajemi waliohamia Marekani na Ulaya waliitia vinanda vya umeme na kuirekodi katika kanda, na kanda hizo zikarudi nyumbani kwa siri. Huko kusini kwenyewe ilikuwa imebaki katika nyua za harusi, na kwa akina mama waliokutana wao kwa wao, wakapiga makofi na kuitikiana.

Hapo ndipo penye fundisho. Katika miji hiyo, wajukuu wa Waafrika wengi hawajui babu zao walitoka kijiji gani wala walisema lugha gani. Majina yalibadilishwa, na wazee walinyamaza kwa uchungu au kwa haya. Kilichosalia mikononi mwao ni mdundo. Na mdundo huo, ambao leo taifa zima huuchezea harusini, wachache huuliza ulitoka wapi.

Sisi hatukuchukuliwa mbali na kwetu, na bado tunapoteza. Ni mabinti wangapi leo wanaoweza kuimba nyimbo za vugo walizoimbiwa bibi zao siku ya kutolewa nje? Ni nani anayejua majina ya walizozitunga? Mtembeleeni bibi juma hili, wanangu wakiwa pamoja nanyi wakae karibu naye. Mwombeni awaimbie wimbo mmoja wa zamani, muuandike maneno yake pamoja na jina la aliyemfundisha. Wa Bushehr walinyang'anywa majina yao. Yetu tukiyapoteza, tutakuwa tumeyatupa wenyewe.