Miani ya maji baridi ya Tanzania

Miani ya maji baridi ya Tanzania ni viumbehai vinavyojitengenezea chakula kwa nuru ya jua na kuishi katika maziwa, mito, mabwawa na madimbwi yasiyo na chumvi. Makundi yanayojulikana zaidi ni miani ya kijani na diatomu, ambazo zina ganda la silika. Sianobakteria ni bakteria, lakini kwa desturi huelezwa pamoja na miani. Aina zinazostawi mahali fulani hutegemea kina, mwanga, joto na virutubishi, hasa nitrojeni na fosforasi.

Madimbwi na mabwawa

Katika wilaya za kusini-mashariki kama Nachingwea na Ruangwa, mvua huwa za msimu mmoja, na madimbwi mengi hukauka wakati wa kiangazi. Maji ya aina hiyo, yaliyotuama na yenye kina kifupi, hufaa miani ya Spirogyra, ambayo huonekana kama nyuzi za kijani zinazoteleza. Spirogyra huweza kuunda zigospora, yaani chembe zenye ukuta mgumu zinazostahimili ukame hadi maji yarudi.

Ziwa Tanganyika

Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 hivi, na virutubishi vyake vingi viko chini. Pepo za kusini, kati ya Mei na Septemba, huvipandisha juu na diatomu huongezeka. Miani huliwa na wanyama wadogo wa majini, nao huliwa na dagaa. Ziwa likipata joto, maji ya juu na ya chini huchanganyika kwa shida. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba uzalishaji wa miani ulikuwa umepungua kwa takriban asilimia 20.

Ziwa Viktoria

Katika miaka ya 1960 diatomu za Aulacoseira zilikuwa nyingi. Kufikia miaka ya 1990 sianobakteria zilikuwa zimechukua nafasi yake, kwa kuwa majitaka, mbolea na udongo uliomomonyoka viliongeza virutubishi. Baadhi yake, kama Microcystis, huweza kutoa sumu inayodhuru ini. Kuchemsha maji hakuondoi sumu hiyo, hivyo maji yenye utando mzito wa kijani hayafai kwa watu wala mifugo.

Tofauti na maziwa ya magadi

Maziwa ya magadi, kama Natron, si ya maji baridi. Humo hustawi Arthrospira fusiformis, sianobakteria inayowalisha heroe wadogo na kuwapa rangi yao ya waridi.