Mba Sugu Haziponi kwa Mafuta

Chenga nyeupe zikianguka mabegani, wengi hukata hukumu papo hapo: ngozi ya kichwa imekauka, inataka mafuta. Basi hupakwa mafuta ya nazi, ya nyonyo au yale mazito ya kopo. Kuwasha kunatulia siku mbili, kisha mba zinarudi zikiwa zimenata kwenye mashina ya nywele. Mafuta yanaongezwa. Hali hii huweza kuendelea kwa miaka, na naamini inadumu kwa sababu hukumu ya mwanzo ilikosewa. Mba sugu, pamoja na ndugu yake mkali zaidi, ukurutu wa ngozi ya kichwa, hazitokani na ukavu. Hustawi palipo na mafuta.

Chanzo kikubwa ni fangasi aitwaye Malassezia, jina lililotokana na Mfaransa Louis-Charles Malassez, aliyemweleza mwaka 1874. Anaishi kwenye ngozi ya karibu kila mtu mzima, mwenye mba na asiye nazo; kwa hiyo mba si uchafu, wala haziambukizwi kwa kinyozi. Mwaka 2007, wanasayansi waliposoma vinasaba vya aina yake moja, Malassezia globosa, waligundua kwamba hawezi kujitengenezea asidi za mafuta. Lazima azipate kwenye ngozi anamoishi. Humeng'enya mafuta yanayotoka vinyweleoni na kuacha mabaki, hasa asidi ya oleiki. Wako ambao ngozi yao huyavumilia mabaki hayo; ya wengine huchokozeka, ikaanza kujivua haraka kuliko kawaida, na tabaka hizo zinazobanduka ndizo chenga tunazoziona. Tazama pia mahali ukurutu huu unapotokea: kichwani, kwenye nyusi, kando ya pua, nyuma ya masikio, katikati ya kifua. Zote ni sehemu zenye mafuta mengi. Kama ukavu ungekuwa chanzo, miguu inayopauka wakati wa baridi ndiyo ingetangulia kuugua.

Atasema mtu: lakini mafuta hunipa nafuu. Kweli, kwa sababu hulainisha magamba na kuyalaza yasionekane. Kwa kazi hiyo yana nafasi yake: gamba likiwa nene, pakaa mafuta saa chache kabla ya kuosha, kisha yatoe yote. Tatizo ni kuyaacha kichwani wiki nzima. Kinachomshughulikia fangasi mwenyewe ni shampuu ya dawa, kama ile ya ketokonazoli asilimia 2, ya seleniamu salfaidi au ya zinki pirithioni. Hapa ndipo wengi huharibu: wanapaka, wanasuuza papo hapo, kisha wanasema dawa haifai. Povu la ketokonazoli linapaswa kukaa kwenye ngozi dakika 3 hadi 5, mara mbili kwa wiki, kwa wiki 2 hadi 4.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wenye nywele za kipilipili, ambazo kweli hukauka na kukatika zikioshwa kila mara. Hao mara moja kwa wiki inatosha. Tenganisha nywele kwa mistari, paka dawa kwenye ngozi na si kwenye nywele, suuza, halafu lainisha nywele zenyewe. Misuko isikae miezi bila kichwa kuguswa na maji. Mwambie msusi aache mistari inayopitisha kidole. Wengine hulalamika kwamba mba zilipona zikarudi. Zitarudi, maana fangasi hahami. Baada ya nafuu, endelea na shampuu ya dawa mara moja kila wiki moja au mbili, kama unavyopiga mswaki bila kungoja jino liume.

Kinachonitia hofu ni krimu kali za steroidi zinazouzwa kiholela. Hutuliza mwasho upesi, na kwa siku chache chini ya uangalizi zinafaa. Zikitumiwa miezi, huikondesha ngozi. Vidonge vya ketokonazoli navyo si vya mba: mwaka 2013 Shirika la Dawa la Ulaya lilipendekeza visitishwe kwa fangasi kwa sababu ya madhara kwenye ini. Mabaka meupe ambayo ukurutu huacha kwenye ngozi nyeusi kwa kawaida hufifia baada ya ugonjwa kutulia, hayahitaji mkorogo.

Zikipita wiki 4 za kuosha ipasavyo bila nafuu, muone mtabibu wa ngozi. Kituo cha mafunzo cha hospitali ya KCMC mjini Moshi kimekuwa kikiwafundisha matabibu hao, wa Tanzania na wa nchi nyingine za Afrika, tangu miaka ya 1990. Ukurutu mkali unaozuka ghafla kwa mtu mzima na kuenea usoni na kifuani unaweza kuashiria kinga iliyoshuka, hivyo kapime VVU. Na mtoto wa shule mwenye magamba pamoja na mabaka ya nywele zilizokatika, huenda ana mapunye. Huyo shampuu peke yake haitamponya; anahitaji vidonge kwa wiki kadhaa, kwa kipimo kinacholingana na uzito wake. Mpelekeni kliniki mapema.