Mkoba wa Kazi: Mwanafunzi wa Sanaa Ajionee Alikotoka

Na Mwandishi Wetu

Mwisho wa mwaka wa masomo ni msimu wa kusafisha mabweni na madarasa. Katika shule za sekondari zinazofundisha masomo ya sanaa, usafi huo huondoka na vitu ambavyo havirudi: marundo ya michoro, madaftari ya mazoezi ya muziki, na miswada ya michezo ya kuigiza iliyojaa alama za kalamu nyekundu. Sehemu yake huishia kwenye shimo la taka, na sehemu nyingine huangukia kwa wauza karanga wanaotafuta karatasi za kufungia. Mara nyingi anayezitupa ni mwanafunzi mwenyewe, na sababu yake inaeleweka. Anazionea aibu.

Makala haya yanaeleza kwa nini kazi hizo za mwanzo zina thamani, namna mwanafunzi anavyoweza kuzitumia kupima ukuaji wake kama msanii chipukizi, na kile ambacho mzazi, mlezi na shule wanapaswa kukifanya ili zisipotee.

Mitaala iliyoboreshwa, ambayo utekelezaji wake ulianza Januari 2024, inaelekeza ufundishaji ujengwe juu ya umahiri, yaani kile ambacho mwanafunzi anaweza kukifanya, wala si kile alichokikariri pekee. Sanaa bunifu ni miongoni mwa maeneo ya mkondo wa amali katika elimu ya sekondari. Aidha, mwaka huohuo wa 2024 Serikali ilitangaza tahasusi mpya za Kidato cha Tano, zikiwemo za sanaa. Kijana anayependa kuchora, kuimba au kuigiza sasa anayo njia inayotambulika rasmi ndani ya shule, lakini njia hiyo inakuja na swali ambalo mtihani wa nadharia haukuwa ukiliuliza kwa uzito: umekua wapi?

Wengi hujibu kwamba siku hizi wanachora vizuri zaidi, au wanaimba vizuri zaidi. Jibu hilo si la uongo, ila halimfai mtu yeyote. Mwalimu hawezi kulitumia kupanga somo lijalo, msaili wa chuo hawezi kulipima, na mwanafunzi mwenyewe halimwonyeshi afanye nini kesho asubuhi.

Hapo ndipo unapoingia mkoba wa kazi, mojawapo ya zana za upimaji zinazotumika katika ufundishaji wa umahiri. Mkoba wa kazi ni mkusanyiko wa kazi za mwanafunzi uliopangwa kwa tarehe na kuambatana na maelezo yake mwenyewe juu ya kazi hizo. Neno lenyewe lisimtishe mtu. Bahasha kubwa ya kaki inatosha, na hata vipande viwili vya boksi vilivyofungwa kwa kamba vinatosha. Kosa linalojitokeza mara kwa mara ni kuugeuza mkoba kuwa maonesho ya kazi bora peke yake. Mkoba wa aina hiyo unafaa kupamba ukuta siku ya wazazi, lakini hauwezi kuonyesha ukuaji, kwa kuwa kazi dhaifu zilizotangulia, ambazo ndizo zingekuwa kipimo, zimekwisha kuondolewa.

Tuchukue mfano ambao kila mwalimu wa uchoraji anaufahamu. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza anawekewa mtungi juu ya meza na kuambiwa auchore. Katika mchoro wake, mdomo wa mtungi unakuwa duara kamili, kana kwamba mchoraji ananing'inia darini akitazama chini. Kitako nacho kinakuwa mstari ulionyooka, kana kwamba mchoraji huyohuyo amechuchumaa macho yakiwa usawa wa meza. Mtoto huyu hakufanya uzembe. Anajua kwamba mdomo wa mtungi ni mviringo, na anajua kwamba mtungi hukaa mezani bila kuyumba. Amechora anachokijua, hajachora anachokiona.

Mwaka unaofuata anawekewa mtungi uleule. Safari hii mdomo umebanwa ukawa duaradufu, kitako kimepinda kidogo, na tumbo la mtungi limepewa kivuli upande mmoja. Hata hivyo, kivuli chenyewe kimesuguliwa kwa nguvu ileile ya penseli kila mahali, na juu ya meza hakuna kivuli chochote, hivyo mtungi unaelea hewani. Katika mchoro wa mwaka wa tatu mtungi umekaa. Giza linaanza taratibu na kukolea kadiri umbo linavyogeuka kuupa mwanga mgongo, na karibu kabisa na ukingo wa upande wa giza umeachwa ukanda mwembamba, hafifu, wa nuru inayorudishwa na uso wa meza. Ukanda huo hauonekani kwa mtu anayepita tu. Huonekana kwa aliyekaa akatazama.

Mwanafunzi akiipanga michoro hiyo mitatu sakafuni, hahitaji kusifiwa ili ajue kwamba amekua. Anaweza kueleza kwa maneno yake kwamba mwanzoni alikuwa akikumbuka mtungi badala ya kuutazama, kwamba baadaye aliona umbo lakini hakuuona mwanga, na kwamba bado kitambaa kilichotandikwa chini ya mtungi kinamshinda. Maelezo hayo ya mwisho ndiyo yanayompa mwalimu somo la wiki inayofuata.

Ulinganisho huo vilevile hufichua kilichopotea, jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Mchoro wa Kidato cha Kwanza, pamoja na makosa yake, mara nyingi huwa na mstari mmoja shupavu uliochorwa bila woga. Mchoro wa Kidato cha Tatu umesahihishwa kila upande, lakini mstari wake unasitasita na karatasi imechoka kwa kufutwa. Kijana akiligundua hilo peke yake, amejifunza jambo ambalo ni vigumu kufundishwa ubaoni: usahihi una gharama yake, na ujasiri wa zamani unaweza kurudishwa kwa makusudi. Kama angekuwa amekwisha kuutupa mchoro ule wa kwanza, asingekuwa na mahali pa kuuona ujasiri huo.

Kwa wanafunzi wa sanaa za maonesho mambo ni magumu kidogo, kwani sauti na mwendo havikunjiki vikaingia kwenye bahasha. Kinachobaki ni daftari la mazoezi. Humo mwanafunzi huandika baada ya kila zoezi aliambiwa nini, alijaribu nini na kilitokea nini. Mwanzoni, wengi hudhani kwamba kusikika jukwaani ni kupiga kelele, na kufikia onesho la tatu koo limekauka. Wengi pia huigiza kila mzee kwa namna moja: mgongo umepinda, mkono unatetemeka, sauti inakwaruza. Baada ya muda, anayeandika kwa uaminifu huanza kurekodi mambo mengine kabisa. Ataandika kwamba alipopumua kutoka tumboni sauti ilifika nyuma bila kulazimishwa. Ataandika kwamba wakati wa likizo alimtazama babu yake na kuona kuwa mzee hatetemeki hata kidogo, isipokuwa huweka kiganja juu ya goti na kutulia kitambo kabla ya kuinuka. Mabadiliko kutoka kwenye mtetemo wa kubuni hadi kwenye kiganja kilichotazamwa ni ukuaji unaoweza kuonyeshwa kwa tarehe. Mwanafunzi wa muziki naye anaweza kufanya vivyo hivyo kwa kuandika ni sehemu gani ya wimbo ilimtoa kwenye sauti sahihi, na ni lini ilikoma kumtoa.

Lipo suala la lugha. Masomo ya sanaa katika shule za sekondari, isipokuwa yanayohusu Kiswahili chenyewe, hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba tafakuri nyingi za wanafunzi huwa na sentensi mbili tatu zilizonakiliwa, kwa sababu mwandishi anatafuta maneno badala ya kutafuta ukweli. Mwandishi wa makala haya ana maoni kwamba tafakuri ya kwanza iandikwe kwa lugha ambayo mwanafunzi huitumia kufikiri, ambayo kwa wengi ni Kiswahili, kisha tafsiri ije baadaye pale inapohitajika. Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kazi hiyo. Mwanga, kivuli, uwiano, mpangilio, umbali, mdundo na mapigo ni maneno ambayo mwanafunzi hukutana nayo nyumbani kabla hajaingia darasani, hivyo anaweza kuyatumia bila kujikwaa.

Wazazi na hata baadhi ya walimu huhofu kuhusu kuiga. Kijana anayenakili picha iliyo kwenye kalenda au anayeimba kwa sauti ya msanii maarufu huonekana kuwa hana kipaji chake mwenyewe. Historia ya sanaa yetu haiungi mkono hofu hiyo. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki dunia mwaka 1972 baada ya miaka michache tu ya uchoraji jijini Dar es Salaam, aliacha mtindo unaojulikana duniani kwa jina lake kwa sababu vijana aliokuwa akiwafundisha, wengi wao ndugu zake, walijifunza kwa kumtazama na kufuata mkono wake. Waliotoka katika mzunguko huo baadaye walijitofautisha, kila mmoja kwa wanyama wake, rangi zake na namna yake ya kujaza uwanja wa picha. Kuiga ni hatua inayokubalika. Kinachotakiwa katika mkoba wa kazi ni kusema wazi kwamba kazi hii niliinakili kwa fulani, nilikuwa nikitafuta jambo gani, na kazi inayofuata nimebadilisha nini.

Uwazi huohuo unahitajika zaidi katika ngoma na nyimbo za jadi, ambazo wanafunzi huziandaa kwa ajili ya maonesho ya shule na mashindano ya UMISSETA. Kijana aliyefundishwa ngoma na wazee wa kijijini kwao aandike ni ya jamii gani, huchezwa katika tukio gani, na ni mambo gani yameondolewa au kufupishwa ili ngoma hiyo iweze kuchezwa jukwaani. Miaka kadhaa baadaye, maandishi hayo yanaweza kuwa kumbukumbu pekee iliyobaki.

Wananchi wengi hawafahamu kwamba kazi ya mwanafunzi inalindwa na sheria. Kwa upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi ya sanaa kuanzia pale inapobuniwa, bila kujali umri wa mbunifu au ubora wa kazi. Usajili katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) husaidia katika uthibitisho, lakini si usajili unaozaa haki hiyo. Mchoro wa mwanafunzi ukitakiwa kwa kalenda, fulana au tangazo la biashara, anayeuhitaji anapaswa kuomba ridhaa, na mzazi au mlezi anapaswa kushirikishwa. Hapa mkoba wenye tarehe hufanya kazi ambayo hakuna aliyeifikiria wakati wa kuufungua: mchoro uliokamilika ukifuatana na rasimu zake tatu au nne, ni vigumu kwa mtu mwingine kudai kwamba ni wake.

Kwa upande wa wazazi na walezi, maombi ni machache. Karatasi zinazoletwa nyumbani wakati wa likizo zisitumike kuwashia jiko. Ziwekwe mahali pakavu, juu ya sakafu, mbali na mchwa. Kwa kuwa wanafunzi wa shule nyingi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, mzazi mwenye simu ya kamera anaweza kupiga picha za kazi hizo mara mbili kwa mwaka na kuzihifadhi pamoja na tarehe zake. Shule nazo zinaweza kutenga kabati moja, lenye kufuli, kwa ajili ya mikoba ya wanafunzi wa sanaa, na kuhakikisha kwamba mwalimu anapohama, ufunguo na orodha vinakabidhiwa kama vinavyokabidhiwa vifaa vya maabara.

Wahitimu wanaokusudia kuendelea na sanaa wana mahali pa kwenda. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), iliyoanza mwaka 1981 ikiwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kuwa wakala wa Serikali mwaka 2007, hutoa mafunzo ya ngazi ya astashahada na stashahada. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina idara inayofundisha sanaa bunifu katika ngazi ya shahada. Sifa za kujiunga hutangazwa na taasisi husika kila mwaka, na mwombaji anashauriwa kuzisoma mapema kwa kuwa hutofautiana kati ya kozi na kozi.

Kwa wanafunzi wanaoanza Kidato cha Kwanza, kazi ya kwanza kabisa ya muhula iandikwe nyuma yake jina, tarehe na sentensi moja inayoeleza kilichomsumbua mwanafunzi alipokuwa akiifanya. Wanaoingia Kidato cha Nne bila kuwa na chochote walichohifadhi wasikate tamaa. Warudie leo somo waliloanza nalo, mtungi, wimbo au igizo fupi, waliweke tarehe, kisha walirudie tena kabla ya mitihani ya mwisho.